Tunaopita ni mtaa mzima, tunaochanga ni nyumba tisa

Shikamoo mama,

Naishi Goba, Dar es Salaam, na kwa miaka minne sasa mimi ndiye mweka hazina wa kamati ya barabara ya mtaa wetu. Barabara yenyewe ni kipande tu, kinatoka kwenye lami na kushuka bondeni hadi nyumba ya mwisho. Tuko nyumba 34, na nusu yetu tuna magari. Masika yakianza, maji yanateremka na udongo wote, na pale kwenye kona ya mwembe panabaki korongo. Bajaji hazishuki, bodaboda wanadai nauli mara mbili, mgonjwa anabebwa mgongoni mpaka juu.

Tulikaa kikao chini ya huo mwembe tukapiga hesabu. Lori moja la moramu ni 140,000 hadi limwage. Tulihitaji lori sita, na 180,000 za vibarua wa kusambaza. Jumla 1,020,000, yaani 30,000 kila nyumba kwa mwaka. Watu walipiga makofi. Mwaka ule nyumba 29 zilitoa, na kwa kuwa vibarua walipungua, tulishika sepeto wenyewe, wanaume kwa wanawake, tukamaliza saa kumi jioni tukanywa soda pamoja.

Mwaka wa pili zilitoa nyumba 22. Nikaongeza 40,000 zangu ili lori la tano lije. Mwaka wa tatu zikawa 15, mimi na mume wangu tukaongeza 140,000 kwa ajili ya lori la nne. Mwaka huu ni nyumba tisa. Kila Jumapili jioni naweka orodha kwenye grupu la WhatsApp la mtaa, majina yote 34. Aliyelipa namwekea tiki, ambaye hajalipa panabaki wazi. Hakuna anayejibu kitu.

Kinachoniuma zaidi ni jirani wa kule chini. Ana gari kubwa kuliko sisi sote na hajawahi kutoa hata shilingi. Mwaka jana nilikuwa nimesimama pale kona na daftari langu, lori la mwisho limemwaga, vibarua hawajamaliza hata kusawazisha. Akaja, akapita juu ya moramu mbichi, akashusha kioo: "Hongera sana mama, kazi nzuri." Akapandisha kioo akaenda. Ukimfuata anasema barabara ni kazi ya serikali na yeye kodi analipa. Yuko pia mama mmoja mjane anayeuza vitumbua, hana hata baiskeli, naye hajatoa miaka miwili. Huyo nikikutana naye nanyamaza.

Mume wangu anasema na sisi tuache, tuone itakuwaje. Wenzangu kwenye kamati wanataka tubandike majina ya wasiolipa kwenye nguzo ya umeme, na tuweke geti, asiyelipa asipite. Mwingine anataka faini ya 5,000. Viti 100 na turubai la mtaa natunza mimi, pesa zinatumwa kwenye simu yangu, na lawama nazibeba mimi. Nimechoka. Niache?

Mweka hazina, Goba

---

Marahaba mwanangu, na pole.

Nikujibu kwanza lile uliloliuliza mwisho. Usiache kulipa. Acha kujazia. Hayo ni mambo mawili tofauti, na nadhani la pili ndilo limekuchosha na ndilo limewaharibu majirani zako. Nitalirudia, ila kwanza nataka tuzitazame hesabu zako upya, maana umeziandika wewe mwenyewe na naona hujazisoma.

Ulianza na nyumba 29, leo una tisa. Waliotoka ni 20. Hao 20 walitoa, kwa hiari yao, na pengine wengine walishika sepeto siku ile. Ambao hawakutoa tangu siku ya kwanza ni watano tu katika nyumba 34. Mtegeaji wa kweli ni yule asiyetoa hata pale anapoona wenzake wote wametoa, na mtaani kwako hao hawafiki sita. Ila wewe usiku unalala ukiwaza gari kubwa linalopita juu ya moramu, na hao 20 umewatia kapu moja na mwenye gari. Siyo kapu lao.

Wachumi wana tawi la elimu linaloitwa nadharia ya michezo, na ndani yake kuna mchezo mmoja ambao ni barabara yenu hasa. Watu wanne wasiojuana wanapewa kila mmoja, tuseme, 20,000. Katikati kuna kapu. Kila 1,000 inayoingia kapuni inageuka 1,600, kisha inagawanywa sawa kwa wote wanne, 400 kila mtu, aliyetia na asiyetia. Wote wakitia zote, kila mmoja anaondoka na 32,000. Wote wakificha, kila mmoja anabaki na 20,000 zake. Sasa mmoja akificha na watatu wakatia, wale watatu wanapata 24,000, naye aliyeficha ana 24,000 za kapu pamoja na 20,000 zake mfukoni. Ana 44,000. Unaona mtego ulipo? Kwa kila mtu peke yake, kuficha kunalipa. Kwa wote pamoja, kuficha ni hasara. Jirani yako mwenye gari ameketi kwenye ile 44,000 miaka minne mfululizo.

Ernst Fehr na Simon Gächter waliuchezesha mchezo huu Uswisi kwa pesa halisi, wakatoa matokeo mwaka 2000 na 2002. Watu ukiwaacha wacheze raundi baada ya raundi, wanaanza vizuri, wanatia kama nusu ya walicho nacho. Raundi ya pili wanapunguza. Ya tatu tena. Wanapofika ya kumi kapu ni karibu tupu. Nyumba 29, 22, 15, 9. Mtaa wenu haujalaaniwa, mwanangu. Mmecheza kama watu wanavyocheza.

La maana zaidi ni kwa nini wanapunguza. Mwaka 2001 watafiti hao pamoja na Urs Fischbacher waliwauliza wachezaji hivi: wenzako wakitia kiasi fulani, wewe utatia ngapi? Karibu nusu walijibu kwamba watatia kadiri wenzao wanavyotia. Kama theluthi walisema hawatatia kitu hata wengine watie zote. Kwa hiyo wengi si wakarimu tu na si wachoyo tu. Wanatazama. Akimwona mwenzake ametegea, anapunguza, si kwa uroho bali kwa sababu hataki kufanywa mjinga. Na anayemtazama yeye anapunguza pia. Mume wako mwema anayesema "na sisi tuache" ni mmoja wao. Ndivyo nyumba 20 zilivyotoka bila hata mtu mmoja kuwa na nia mbaya.

Sasa turudi kwenye orodha yako ya Jumapili. Jiweke mahali pa jirani ambaye hajalipa lakini hajakataa. Anafungua simu, anaona majina 34, tiki tisa, na nafasi 25 wazi. Wewe unadhani umemwambia "lipa". Alichosoma yeye ni kwamba mtaa huu watu hawalipi, na kwamba akitoa leo atakuwa katika wachache. Kila Jumapili umekuwa ukimtangazia hivyo, kwa uaminifu wako wote na kwa daftari lako safi. Iondoe hiyo orodha. Andika majina ya waliotoa peke yake, na chini yake andika lori mlilofikia: tuna lori moja, karibu la pili. Wasiotoa usiwataje.

Na kujazia. Najua ulifanya kwa moyo, ile 40,000 na ile 140,000, na hakuna aliyekushukuru ipasavyo. Lakini tazama mtaa ulijifunza nini. Nyumba 22 zikitoa, lori tano zinakuja. Nyumba 15 zikitoa, lori nne zinakuja. Yaani watu saba wameacha na barabara imepungua lori moja tu. Pengo lilikuwa lionekane, wewe ukaliziba usiku kabla hawajaamka. Mtu anayengoja atoke vipi kitandani?

Kwa hiyo mwaka huu fanya ahadi yenye kikomo. Kamati itangaze kiasi kimoja na tarehe moja. Mimi ningesema 660,000, maana hizo ni nyumba 22 na mwaka wa pili mlizifikisha, si ndoto. Zinatosha lori nne na 100,000 za vibarua. Zikifika, lori zinakuja. Zisipofika hadi tarehe hiyo, kila aliyetoa anarudishiwa pesa yake yote siku inayofuata, wewe pamoja nao, na mwaka huu hakuna moramu. Jirani anayeogopa kufanywa mjinga hana tena cha kuogopa: akitoa na wengine wakatoa, barabara ipo, akitoa na wengine wasitoe, pesa yake inarudi. Ila lazima uwe tayari kweli kurudisha. Ukitangaza hivyo kisha ukajazia kwa siri, hutaaminiwa tena, na mwakani utapata nyumba nne.

Najua masika bila moramu yatauma, na kuna wagonjwa wanaopitishwa pale. Hata hivyo nakuomba ukaze moyo kwa mwaka mmoja.

Nije kwenye adhabu. Wenzako wana haki ya kuitaka, na hata wale watafiti wa Uswisi waliijaribu. Walimruhusu mchezaji atoe pesa yake mwenyewe kidogo ili mtegeaji akatwe mara tatu ya hiyo. Watu walikubali kugharamika, wategeaji wakaanza kutia, kapu likajaa. Lakini mwaka 2008 Benedikt Herrmann, Christian Thöni na Gächter waliupeleka mchezo huo miji 16 ya dunia, na hapo ndipo ninapokuomba usikilize sana. Miji kama Boston na Copenhagen, adhabu ilijaza kapu. Athens na Muscat, waliokatwa walirudisha kisasi kwa wale wale waliokuwa wakitoa, na kapu halikupanda. Kwa nini? Waandishi waliona kwamba hayo hutokea zaidi pale ambapo watu hawana imani kubwa na sheria na hawaoni ubaya mkubwa katika kukwepa mambo ya umma. Pima mwenyewe mtaa wako uko upande gani. Jina la mtu kwenye nguzo ya umeme, limebandikwa na wewe, mke wa fulani, unayekutana naye dukani kesho yake: hiyo si adhabu ya mtaa, hiyo ni ugomvi wako. Watasema umekula pesa. Usibandike.

Geti nalo hapana. Ni njia ya umma, hamna mamlaka ya kumzuia mtu kupita, na siku gari la wagonjwa litakaposhindwa kupita pale mtajibu nini?

Kuhusu faini ya 5,000, kuna kisa cha Haifa, Israeli, walichokiandika Uri Gneezy na Aldo Rustichini mwaka 2000. Vituo vya kulea watoto wadogo vilikuwa na wazazi wanaochelewa kuwachukua watoto jioni. Vikaweka faini ndogo. Wachelewaji wakaongezeka. Zamani mzazi aliona haya kumweka mwalimu. Sasa aliona amelipia. Hata faini ilipofutwa, hawakurudi walivyokuwa. Mtu wako wa gari kubwa ukimtoza 5,000 ataitoa mara moja, akicheka, na atakuwa amenunua haki ya kutochanga 30,000.

Adhabu inayofaa ni ile waliyoitunga wenyewe wanaohusika, inayoanza ndogo na kupanda, na inayogusa kitu ambacho kikundi kweli kinakimiliki. Uchagani ipo tangu kabla ya wakoloni. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro kuna mifereji iitwayo mfongo inayopeleka maji kwenye mashamba ya migomba. Mwenye zamu ya maji ana zamu ya kuzibua mfereji. Asiyetokea na jembe lake hutozwa, zamani mara nyingi kwa pombe, na akikaidi ananyimwa maji. Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata Nobeli ya uchumi, mwaka 2009, alikusanya habari za jamii za namna hiyo kutoka Uswisi, Japani, Hispania na Ufilipino, akakuta zilizodumu zinafanana: kanuni ni zao, wanaangaliana wenyewe, na adhabu ya kwanza ni nyepesi kiasi kwamba mtu anaweza kujirudi bila kuvunjiwa heshima.

Utaniambia mfongo una maji ya kunyima na barabara haina. Kweli. Lakini mnacho kitu kingine, umekitaja kwa kupita tu: viti 100 na turubai. Mancur Olson, Mmarekani, aliandika mwaka 1965 kwamba kikundi kikubwa hakidumu kwa manufaa ya wote peke yake. Kinahitaji pia kitu ambacho mwanachama anapata na asiye mwanachama hapati. Basi kikao kiamue: nyumba iliyochanga inaazima viti na turubai bure kwa kipaimara, kwa ubarikio, kwa harusi. Ambayo haijachanga inakodi kwa bei ya mtaani, na pesa hiyo inaingia moramu. Watu wa Dar hawakai mwaka bila sherehe. Ila kwa msiba, viti vitoke kwa kila mtu, bila daftari na bila swali. Nakusihi hapo usimsikilize mtu yeyote wa kamati. Siku mtakayomnyima mfiwa turubai kwa sababu ya lori la moramu, mtaa wenu utakuwa umekwisha, barabara iwepo isiwepo.

Yule mama wa vitumbua mwondoe kwenye hesabu ya wategeaji leo hii. Ukikaa kimya ukikutana naye, anajua kwa nini umenyamaza, na inamuuma. Mwambie Jumamosi ya kusambaza aje na sepeto, au atume kijana wake, na jina lake liandikwe na waliotoa, mstari uleule. Mwakani mkae tena mtazame kiwango chenyewe. Nyumba 17 zenye gari zikitoa 40,000 na 17 zisizo na gari zikitoa 20,000, jumla ni ileile 1,020,000. Kutoza sawa anayepita na tairi nne nzito na anayepita na ndoo ya unga kichwani ni jambo ambalo watu hawalisemi kikaoni, wanalisema kwa kutolipa.

Pesa zisije tena kwenye simu yako peke yako. Sikushuku hata kidogo. Lakini mtu anayetafuta sababu ya kutotoa, hiyo ndiyo ya kwanza kuishika, na anayesita anaisikia kwake. Fungueni akaunti ya kikundi yenye watia saini wawili, na kila lori likimwaga piga picha ya risiti uitume palepale, moramu ingali inatoa vumbi.

Mwenye gari kubwa ana nusu ya hoja. Kodi analipa, na barabara ni ya umma. Mwombeni aandike yeye barua ya mtaa kwenda serikali ya mtaa kuomba barabara itengenezwe rasmi, nanyi nyote mtie saini. Kama kweli ndilo analoliamini, ataandika. Mwende wawili, mmoja awe mzee anayemheshimu, na msimtajie 30,000 siku hiyo. Baada ya hapo mwache. Nyumba 22 hazimhitaji.

Huu hapa ujumbe wa Jumapili. Tarehe uzipange wewe.

"Ndugu majirani, habari za jioni. Masika yanakaribia. Nyumba tisa zimeshatoa, tuna 270,000. Tukifikisha 660,000 ifikapo tarehe 20, lori nne zinakuja Jumamosi inayofuata. Tusipofikisha, kila aliyetoa anarudishiwa yote tarehe 21. Asiye na pesa aje na sepeto, jina lake linaandikwa vilevile. Nani nyumba ya kumi?"

Utume saa moja jioni, watu wakiwa wamesharudi. Na kabla hujautuma, nenda kwa jirani mmoja unayemwamini kati ya wale 20, uongee naye barazani, mkubaliane kwamba swali likiingia tu kwenye grupu, wa kumi ni yeye.